Doti na leso: shajara ya mradi wa DNA ya kitunguu

Siku ya 1

Vitunguu maji sita, bilauri sita, na kiboksi cha vijiti vya kuchokolea meno. Kwa leo mradi ni huo. Vitunguu nimevichagua mwenyewe sokoni, vile vikavu vya siku nyingi, maana kilichotoka shambani juzi huchelewa kutoa mizizi. Nimekwangua mizizi ya zamani kwa wembe, nikachoma vijiti vitatu ubavuni mwa kila kimoja na kuvikalisha mdomoni mwa bilauri, tako likigusa maji kidogo tu. Maji ni ya mvua, kutoka tangini. Ya kisima cha shule yana chumvi, na mwaka jana yaliniozeshea vitunguu vyote.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa kisiwani Lamu, na baada ya alasiri nasimamia klabu ya sayansi. Wanafunzi wawili, msichana wa Langoni na kijana atokaye Matondoni, wamechagua mada ya maonyesho ya muhula: kiasi cha DNA, kemikali ya urithi inayobebwa na nyuzi ziitwazo kromosomu, hubadilika vipi ndani ya seli tangu seli izaliwe mpaka igawanyike. Nikawaambia mada nyepesi hiyo, mchoro upo ukutani. Mchoro ni wangu, nimeuchora kwa rangi ya mafuta miaka minne iliyopita.

Msichana akausimamia kitambo. "Mwalimu, hapa kabla ya mgawanyiko kromosomu zimetoka 16 zikawa 32. Halafu kwenye metafasi, pale zinapojipanga katikati, umechora 16. Zile nyingine zimekwenda wapi?"

Nilimwambia tutaliona mbele ya safari. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nimeliandika swali lake ukurasa wa kwanza wa daftari hili, chini ya bei ya vitunguu.

Siku ya 4

Mizizi imefika sentimita mbili kwa vitunguu vinne. Cha tano kimeoza, cha sita kinajikokota. Tumekata ncha saa tatu asubuhi na kuzitia ndani ya mchanganyiko wa fungu moja la asidi ya siki kali na mafungu matatu ya spiriti safi. Mchanganyiko huo huua seli papo hapo na kuziacha katika hali ile ile ziliyokutwa nayo. Ni kama kupiga picha harusini: mwingine kakutwa anatafuna, mwingine kafumba macho.

Jioni tumetengeneza slaidi za kwanza kwa rangi ya asetokamini. Ncha hutiwa kwanza kwenye asidi hidrokloriki ya moto ili gundi inayoshikanisha seli ilainike, kisha unakata milimita mbili za mwisho tu, unatonesha rangi, unafunika kwa kioo chembamba, unaweka karatasi ya kuchujia juu yake na kugandamiza kwa kidole gumba. Unagandamiza moja kwa moja chini. Kijana wa Matondoni aligandamiza huku akisokota kidole, kama anayezima sigara, na vioo vitatu vikavunjika. Cha nne kilisalimika.

Kwenye lenzi ya 40 tukaziona. Seli nyingi ni vyumba vya pembe nne, kila kimoja na kiini cha mviringo chenye punje punje, kama uji wa mtama. Halafu, hapa na pale, chumba kimoja kiini chake kimetoweka, na mahali pake pana nyuzi nene nyekundu zilizojipanga katikati. Pembeni yake seli nyingine nyuzi zimeshaachana, makundi mawili yakivutwa huku na huku, ncha zake zikiburura nyuma kama mikia. Msichana alikaa kwenye hadubini mpaka adhana ya magharibi.

Siku ya 5

Leo ni kuhesabu tu. Tumezipita seli 612 kwenye slaidi mbili na kukuta 49 zinagawanyika: nyingi katika profasi (kromosomu zinajikunja), chache katika metafasi na telofasi (makundi mawili yameshafika pande zake), anafasi (zinaachana) kiduchu. Hiyo ni asilimia 8. Zilizobaki zote ziko katika interfasi, kipindi cha kati ya mgawanyiko na mgawanyiko, na zote zinafanana.

Hapo ndipo kijana alipouliza swali ambalo limebadilisha mradi. "Mwalimu, DNA inaongezeka lini katika hizi? Mbona sioni inayoongezeka?"

Haionekani, na hataiona mtu. Asetokamini na hadubini ya shule hukuonyesha kromosomu zilizokwisha kujikunja. Kujikunja huko ni hatua za mwisho. Kazi kubwa ya kunakili DNA huwa imekamilika saa kadhaa nyuma, wakati kiini kingali uji. Waliotangulia nao walidhani interfasi ni mapumziko, wakaiita hivyo hivyo mapumziko, mpaka Alma Howard na Stephen Pelc walipofanya kazi yao jijini London. Walikuza mizizi ya maharagwe ya Vicia faba kwenye maji yenye fosforasi-32 yenye mnururisho, kisha wakalaza seli zake juu ya filamu ya picha. Kila kiini kilichokuwa kikitengeneza DNA mpya kiliacha madoa meusi. Wakaona kwamba DNA hutengenezwa katika kipindi kimoja tu, ndani ya hiyo "mapumziko", na kwamba kuna pengo kabla yake na pengo baada yake. Mwaka 1953 wakagawa mzunguko wa maisha ya seli mafungu manne tunayoyatumia mpaka leo: G1 ni pengo la kwanza, S ni kunakili, G2 ni pengo la pili, M ni mgawanyiko wenyewe.

Katika seli za binadamu zinazokuzwa maabara, zile zinazozunguka kwa saa 24, G1 huchukua kama saa 11, S saa 8, G2 saa 4, na M saa moja hivi. Yaani tamasha lote tunalolikodolea macho ni saa moja kati ya 24.

Mchoro wangu ukutani unaonyesha DNA ikipanda kwenye profasi. Miaka minne wanafunzi wameunakili.

Siku ya 6

Nimeufunika mchoro kwa gazeti.

Siku ya 9

Sikutegemea kwamba jibu la swali la ukurasa wa kwanza lingetoka dakani kwa watu.

Bibi yake yule msichana huuza leso nyumbani, Langoni. Nilipita kuomba ruhusa mjukuu wake achelewe jioni mbili tatu, nikamkuta kakaa kwenye baraza la daka, anapanga mzigo mpya uliovuka kutoka Mokowe asubuhi. Alikuwa akihesabu kwa sauti. Msichana akajitia kumsaidia: "Bibi, ziko thelathini na mbili."

"Ni kumi na sita."

"Bibi, kila moja ina mbili."

Bibi akainua moja, akaikunjua mpaka zikaonekana leso mbili za mji mmoja, pindo moja na jina moja, zimefumwa pamoja bado hazijakatwa. "Doti ni moya, mjukuu wangu. Hata uione ina leso mbili, ni moya mpaka ipite mkasi."

Mimi na msichana tukatazamana.

Kromosomu huhesabiwa kwa sentromea, kile kifundo kinachoshikwa wakati wa kuvutwa. Baada ya S kila kromosomu ina nakala mbili zinazofanana, kromatidi mbili, lakini zimeshikana, kwa hiyo hesabu inabaki ile ile. Ni doti. Kitunguu kina kromosomu 16 katika G1, na baada ya S kina 16 vile vile, ingawa nguo, yaani DNA, imekuwa maradufu. Zikiachana kwenye anafasi, kila kromatidi inaanza kuhesabiwa kama kromosomu kamili, na kwa muda mfupi seli inakuwa na 32, ingawa nguo haikuongezeka hata uzi mmoja. Kisha seli inakatika na kila binti anaondoka na 16.

Kosa langu lilikuwa kutumia mstari mmoja kwa mambo mawili. Idadi ya kromosomu ina mstari wake na kiasi cha DNA kina mstari wake, na mistari hiyo haipandi wakati mmoja. DNA inapanda kwenye S, idadi inapanda kwenye anafasi. Zinashuka pamoja tu, mwishoni, seli inapogawika.

Bibi akauliza kama tumekuja kununua.

Siku ya 10

Tumehitaji mizani. Mwenye duka la nafaka jirani na shule ametuazima ya kidijitali, kwa sharti irudi kabla ya kufunga duka.

Msichana kaleta leso kuukuu za nyumbani. Tumekata vipande 16 vya urefu wa aina nane, kila aina viwili, kimoja chekundu na kimoja cha buluu, maana kromosomu za kitunguu ni jozi nane, nusu kutoka upande mmoja wa uzazi na nusu upande wa pili. Mizani: gramu 640. Hiyo ndiyo G1 yetu.

Kisha S. Kila kipande kikapewa pacha wake na kushikizwa kwa bandi, mishono mirefu ya kulegeza ambayo fundi huipiga kabla ya cherehani. Nilitaka wapime katikati ya kazi, vikiwa vimepata pacha vipande nane tu. Gramu 960. Kijana akashangaa kwamba kuna kipimo cha katikati. Alidhani DNA inaruka kutoka moja hadi mbili kama swichi ya taa. Inapanda mteremko, kwa saa kadhaa, na seli ikiuawa katikati ya S ina kiasi cha katikati.

Vikamilika vyote: gramu 1,288. "Hizo nane za juu?" Uzi wa bandi. Tumecheka, lakini uzi huo una jina lake kwenye seli. Ni protini iitwayo kohesini, ambayo huzishika kromatidi dada tangu zinaponakiliwa. Hazifunguki mpaka kila kromosomu iwe imeshikwa pande zote mbili na nyuzi zitakazoivuta. Hapo kimeng'enya kiitwacho separasi hukata kohesini, na zote huachana kwa pamoja. Kijana akapewa mkasi awe separasi. Akakata bandi zote kwa raha zake, vipande vikawa 32, mizani ikasoma gramu 1,288 bila kubadilika. Tukavigawa kwenye makapu mawili, 16 na 16: gramu 645 na 643.

Nimewaambia waandike safu mbili, hesabu na uzito, wasizichanganye. Uzito ndio wataalamu huuita C. Hewson Swift alianza kuutumia mwaka 1950: 1C ni DNA ya seti moja ya kromosomu, kama ilivyo ndani ya mbegu ya kiume. Seli ya kawaida ya mwili ni 2C katika G1, inapanda mpaka 4C kwenye S, inakaa 4C katika G2 na karibu mgawanyiko wote, halafu mabinti wanarudi 2C kila mmoja.

Pale kitambaa kinaposhindwa niliwaambia pia. Pacha tuliyemshona ni kitambaa kipya kitupu, na wa zamani ni wa zamani kitupu. DNA haifanyi hivyo. Kijana akatoa kipande cha kamba ya usumba mfukoni (watu wa Matondoni hawakosi kamba), akaifumua nyuzi zake mbili, na kila uzi tukausokotea mwenzake mpya. Kamba mbili, kila moja nusu kuukuu nusu mpya. Herbert Taylor na wenzake walilionyesha hilo kwenye kromosomu zenyewe mwaka 1957, nao pia kwa mizizi ya Vicia faba. Sijui maharagwe hayo yangedai malipo gani kama yangekuwa na mdomo.

Mizani ilirudi dakika tano kabla ya duka kufungwa.

Siku ya 13

Kitambaa ni mfano. Sasa tunataka kuipima DNA ya kitunguu chenyewe, na dawa tuliyoagiza kutoka bara imefika imekufa.

Njia ni ya Robert Feulgen, ya mwaka 1924. Asidi ya moto hung'oa baadhi ya herufi za DNA na kuacha mahali pake palipo wazi, na dawa ya Schiff, ambayo haina rangi, hunasa hapo na kugeuka zambarau nyekundu. Panapokuwa na DNA nyingi rangi nayo huwa nyingi kwa kiasi kile kile, na ndiyo maana inafaa kupimia, tofauti na asetokamini. Lakini Schiff inataka baridi na giza. Iliyotufikia ilisafiri na mizigo mingine juani, na chupa ilipofunguliwa ilikuwa ya waridi kama sharubati. Schiff iliyokwisha kuwa waridi haina kazi tena. Muuzaji anasema aliifunga vizuri.

Siku ya 17

Chupa ya pili imekuja ndani ya sanduku la barafu ya samaki. Mtu wetu alilipia nafasi kwenye boti na kulikalia sanduku lenyewe toka Mokowe. Dawa ni nyeupe kama maji. Inanuka kamba wabichi kwa nje.

Asidi lazima iwe nyuzi 60, na hatuna chombo cha kushika joto. Tumetumia chupa ya chai. Maji ya moto na ya baridi yakachanganywa mpaka kipimajoto kikasoma 61, testitubu ya asidi ikaning'inizwa ndani kwa uzi, mdomo ukazibwa kwa tambara. Baada ya dakika kumi tulisoma 59. Nimeona vyombo vya bei vinavyofanya vibaya kuliko hiyo chupa. Dakika zinahesabiwa kwa saa: ukipunguza, rangi hainasi vizuri, ukizidisha, asidi inaanza kuila DNA yenyewe.

Ncha zikaingia kwenye Schiff, kabati likafungwa, tukaenda kuswali. Tuliporudi baada ya saa moja na nusu, msichana akashika mzizi kwa kibano na kuuinua kwenye mwanga wa dirisha. Mzizi wote mweupe, isipokuwa milimita mbili za mwisho, ambazo zilikuwa zambarau iliyoiva kama ganda la biringani, na mpaka kati ya rangi hizo mbili umekatika wazi. Pale nchani ndipo seli ni ndogo, zimejazana, kila moja na kiini kilichojaa. Juu yake seli zimerefuka na viini vimetawanyika mbalimbali. Huhitaji hadubini kuona mahali mmea unapokulia.

Siku ya 18

Kupiga picha. Simu imefungwa kwenye lenzi ya macho kwa bomba la karatasi ya chooni na mpira. Stima ilikatika mara mbili, na kila ilipokatika tulianza upya, kwa sababu mwanga ukibadilika picha hazilinganishiki.

Kosa la kwanza: simu hujirekebishia mwanga yenyewe. Ukiielekeza kwenye kiini cheusi inaongeza mwanga, na giza ulilotaka kulipima limekwisha kufutwa. Tumeiwekea simu kiwango kimoja cha mwanga kwa mkono na kupiga picha ya mahali patupu kwenye kila slaidi.

Siku ya 20

Kosa la pili ni langu tena. Tumeweka programu ya ImageJ kwenye kompyuta ya maabara, ni ya bure, na tunasoma rangi ya kijani tu kwa kuwa zambarau nyekundu humeza kijani. Niliwaambia wajumlishe weusi wa kiini. Wakajumlisha, na profasi ikatoka mara 1.4 ya nusu moja ya telofasi. Ilitakiwa mara mbili.

Nililala na jambo hilo. Asubuhi likanijia. Kiini kikipitisha nusu ya mwanga, na cha pili chenye rangi maradufu kikapitisha robo, macho yanasoma nusu imezuiwa na robo tatu zimezuiwa, na hiyo ni mara moja na nusu tu. Rangi hukata mwanga kwa kuzidisha, safu juu ya safu. Ili kurudi kwenye kiasi cha rangi lazima uchukue logi ya kila nukta kwanza, kisha ndipo ujumlishe. Wanafunzi hawa walisoma logi muhula uliopita na kuniuliza zinafaa nini. Niliwajibu zinafaa mtihani.

Siku ya 21

Viini 118 vimepimwa. Kipimo cha kulinganishia tumekipata ndani ya slaidi yenyewe: nusu mbili za telofasi lazima kila moja iwe 2C, kwa kuwa DNA imeshagawanywa. Tumechukua wastani wa nusu 12 za telofasi na kuuita 2.

Profasi kumi zimetoka wastani wa 3.7, badala ya 4. Naamini upungufu ni wa simu: kromosomu zilizokunjwa huwa nyeusi mno, na kamera hufika mahali ambapo haitofautishi tena nyeusi na nyeusi zaidi. Hatukuzigusa metafasi kabisa kwa sababu hiyo.

Viini vya interfasi ndivyo tulivyovingojea. Kwenye slaidi za siku ya 5 vilikuwa uji mtupu, vyote sawa. Sasa vimepangika: fungu moja karibu na 2, fungu jingine karibu na 3.7, na katikati vimetapakaa vingi kuliko nilivyodhani, hivyo vya katikati ndivyo vilivyouawa vikiwa ndani ya S. Kimoja kilitoka 7.6. Kijana alitaka tuandike kuwa tumegundua jambo. Tukairudia picha: viini viwili vimelaliana.

Ingawa 8C si miujiza. Baadhi ya seli za ini la mtu mzima hukaa 4C bila haraka ya kugawanyika, na tezi za mate za kiwavi wa nzi wa matunda hunakili DNA mara kumi mfululizo bila kugawanyika, mpaka kila kromosomu ina nakala zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo ukiona 4C usikimbilie kusema seli hii ni ya G2. Katika ncha ya kitunguu unaweza.

Siku ya 22

Leo ni kamba tu. Seli ya kitunguu ya 2C ina pikogramu (sehemu za trilioni za gramu) 33.5 za DNA, ya mtu ina kama 6.5. Kitunguu kinatushinda kama mara tano, na darasa zima halikufurahia kuambiwa hivyo. Tumepiga hesabu ya urefu: DNA ya seli moja ya kitunguu ikinyooshwa ni kama mita 11, na baada ya S ni 22. Tukaenda ufukweni na kamba, kijana akashika mwisho mmoja, msichana akatembea mpaka mita 22 zikaisha, karibu na punda waliokuwa wakipakiwa matofali ya matumbawe. Kisha tukaonyeshana kwenye rula upana wa seli yenyewe, milimita 0.02.

Mwenye punda akauliza na punda je. Kromosomu 62, nikamwambia, na farasi 64. Akasema kumbe ndiyo maana nyumbu hazai. Kweli, nyumbu anapata 63, na kwenye meiosisi, mgawanyiko wa kutengeneza mbegu za uzazi, pale DNA inaponakiliwa mara moja na kugawanywa mara mbili kutoka 4C mpaka 1C, kromosomu hutakiwa zipatane jozi kwa jozi. Zake hazipatani. Hili ningelimweleza vizuri, lakini tofali zilianza kuanguka.

Siku ya 24

Maonyesho. Gazeti limebanduliwa, mchoro wa zamani umepakwa chokaa, na juu yake kuna mistari miwili: mwekundu wa idadi, wa buluu wa DNA. Wa buluu unapanda mteremko, kisha tambarare ndefu, kisha kushuka. Mwekundu umelala chini karibu muda wote, unaruka kwa muda mfupi mwishoni, unashuka pamoja na wa buluu.

Bibi alituazima zile doti 16 kwa jioni moja, zitundikwe kwenye kamba ya usumba kama metafasi, watu wazione kwa ukubwa wake. Vya kukata vilikuwa vile vya bandi, mezani. Nilisema hivyo mara tatu.

Ukumbi ulijaa. Msichana alieleza vizuri, mizani ilisoma ilivyotakiwa, mzee mmoja aliuliza saratani inaingia wapi, naye akajibu kwamba kuna mahali seli hujikagua kabla ya kuingia S na kabla ya kuingia M, na kwamba saratani mara nyingi ni ukaguzi ulioharibika. Sikumfundisha mimi hilo. Kisha akasema, "Na sasa, anafasi," na kijana, mkasi mkononi, watu wakimpigia makofi, akageukia kamba na kuipasua doti ya kwanza katikati.

Bibi alikuwa safu ya mbele. Alisimama, akatembea polepole mpaka kwenye kamba, akahesabu kwa kidole kutoka mwanzo.

"Doti kumi na tano," akasema, "na leso mbili."

Siku ya 25

Nimelipa. Leso moja tumeifanya pazia la dirisha la maabara, upande wa kabati la Schiff ambako jua huingia jioni. Ya pili nimempelekea mama watoto, na ameuliza iko wapi mwenzake.

Picha za slaidi ya tatu bado hazijapimwa. Kitunguu cha sita kimetoa mizizi jana.